BWANA HARUSI ALIYEKUJA NA SURURU

Binti yangu alitoka chumbani amevaa gauni jeupe la kuburuza...

Na mwanaume aliyekuja kumvalisha pete alikuwa amesimama mlangoni kwangu, ameshika sururu.

Siyo maua. Siyo kanga za mama mkwe. Sururu!

Mume wangu anatabasamu. Shemeji yangu anatabasamu. Na binti yangu Janeth hakulia wala hakutetemeka. Alimtazama yule mtu kama anamjua siku nyingi.

Hapo roho yangu ikaniambia... Esta, mwanao yumo kwenye mchezo huu.

Wazazi wenzangu, ngojeni niwaeleze ilivyoanza. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Lakini mwenye binti na simu ya kupangusa ndani ya nyumba moja asinipite.

Sisi ni watu wa Malindi. Siyo ile ya pwani, hii ya Lushoto huku juu, ambako ukungu ukishuka huioni hata kabichi uliyoipanda mwenyewe.

Mume wangu ni Kristofa. Mkulima, mtu wa kanisani, hana makuu. Ugonjwa wake ni mmoja tu...

Jiwe.

Mwisho wa shamba letu kuna jiwe kubwa limechongwa mshale na herufi ambazo hakuna anayezisoma. Wazee wanaliita Jiwe la Mjerumani. Na kila aliyezaliwa milima hii amekua akisikia kwamba Wajerumani walipokimbia vita walizika mali zao, wakaacha alama kwenye mawe ili warudi. Hawakurudi. Baba mkwe alikufa anazitaja hizo mali. Kristofa naye akimaliza kumwagilia lazima apite pale, aupapase ule mshale kama anapapasa shavu la mtoto, halafu arudi nyumbani kimya.

Kwa hiyo ukitaka kumpata Kristofa, njia ni jiwe. Hilo mliweke akilini.

Sasa Janeth. Alimaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani tukawa tunalima wote. Mtu mzima sasa, na mtulivu. Lakini simu ilimteka!

Anacheka peke yake jikoni. Nikiingia anaigeuza. Namuuliza unacheka nini, ananiambia hamna. Nyie, neno "hamna" kwenye mdomo wa binti ni neno la kuogopa.

Siku moja akaisahau juu ya kigoda, ikawaka. Nikachungulia.

Mwanaume... mzungu! Kofia ameilaza upande, sigara mdomoni, macho yamelegea. Picha yenyewe haina rangi, nyeusi na nyeupe tu. Chini yake mioyo imejaa.

"Janeth, huyu ni nani?"

"Mwigizaji, mame." Mame ndivyo tunavyomwita mama kwetu Usambaani. "Wa filamu za kale za Hollywood. Alishakufa zamani."

"Mtu aliyekufa anakuchekesha nini?"

Akajaribu kunieleza. Kwamba ana ukurasa wake mtandaoni, anawawekea watu picha za waigizaji wa zamani na vipande vya filamu zao, zile za enzi bibi yake hajaolewa. Kwamba zile zisizo na sauti anazitia sauti yake mwenyewe, anasimulia kwa Kiswahili na kuchomekea Kishambaa, watu wanavunjika mbavu. Kwamba kila kipande anakiwekea alama yake pembeni, tunda dogo la peasi, ili asiibiwe kazi.

Sikuelewa, na kusema kweli sikutaka kuelewa. Nilimwambia nikimkuta tena na wafu wake, simu inaingia mafigani ikaivishe maharage.

Toka siku hiyo hakunieleza tena kitu.

Mimi nikawa askari wa nyumba yangu mwenyewe. Akienda kuchota maji namhesabia muda. Akijipaka mafuta nanusa.

Mara moja nilimfuata mpaka mwisho wa shamba. Nikamkuta amekaa juu ya Jiwe la Mjerumani, amejizungushia shuka langu jeupe la kitandani, kidevu amekiinua, anaangalia mbali kama mtu anayesubiri meli. Simu ameiegemeza kwenye ndoo. Anajipiga picha! Nilimtoa pale kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma.

Haikupita muda, Mwanahamisi, fundi cherehani wetu wa sokoni, akanishika mkono.

"Mama Janeth, hongera. Mbona posa mmekula peke yenu?"

Nikamuuliza posa gani. Akaniambia Janeth ameleta kitambaa cheupe, anataka gauni refu la mikono mirefu, la mtindo wa wazungu wa zamani, na picha ya mfano ameleta.

Nikacheka, nikasema mtoto ana utani huyo. Ndani nilikuwa nimekufa.

Gauni jeupe. Mzungu mwenye kofia. "Hamna."

Wiki hiyohiyo shemeji yangu Fanueli, mdogo wake Kristofa, akaja na mgeni kwenye bodaboda.

Kijana mmoja, koti zuri, miwani ya jua na jua lenyewe halipo. Jina akasema Clemence. Ametokea mbali, wapi hakusema. Fanueli alimpata kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaotafuta mali za Mjerumani. Yeye anamwita Mtaalamu.

Mtaalamu akanipita mlangoni.

"Mambo, mama."

Mambo! Mimi namzidi miaka si chini ya kumi na tano, nimeshika mwiko, anipe mambo? Huku kwetu hata mlevi akianguka mtaroni, akikuona anasema shikamoo kwanza ndipo aombe kuinuliwa. Nikamwambia Kristofa jikoni, mtu asiyeamkia wakubwa ana haraka, na mwenye haraka anakimbia kitu. Kristofa akaniambia wageni wa mjini ndivyo walivyo, nipike.

Baada ya chai Mtaalamu akatoa simu yake.

Akasema Wajerumani walijipiga filamu wenyewe siku ya kuzika mali, ikafichwa Ulaya kwenye ghala miaka yote hiyo, na sasa imepatikana. Haina sauti kwa sababu ya uzee.

Tukaangalia.

Nyeusi na nyeupe. Milima. Ukungu ule ule wa kwetu! Mzungu mwenye kofia ya duara anachimba chini ya jiwe kubwa, anafukia sanduku. Halafu anatokea msichana amevaa gauni jeupe la kuburuza, mzungu anapiga goti, anamvalisha pete palepale juu ya jiwe...

Ikakatika.

Kristofa alikuwa anatokwa machozi. Nilimwona.

Mtaalamu akaeleza kwa sauti ya chini, kama mchungaji kwenye msiba. Kwamba mali ile ilifungwa kwa pete, na itafunguka kwa pete. Kwamba atakayechimba lazima kwanza amvalishe pete binti wa nyumba yenye shamba, juu ya jiwe, mbele ya baba yake. Akichimba mtu baki, sanduku linazama kwenda chini mpaka maji.

Kristofa akauliza kama hiyo ni pete ya kuigiza tu.

"Hapana mzee. Ni mke wangu kabisa. Jiwe halidanganywi."

Akageuka kuangalia mlango wa ndani.

"Kwani Janeth yuko wapi?"

Wapendwa... hebu lisikieni swali hilo.

Tangu afike, hakuna mtu aliyelitaja jina la Janeth mle ndani. Hakuna! Fanueli mwenyewe humwita "mtoto wa kaka" siku zote.

Na siyo hilo tu. Ule uso wa mzungu kwenye filamu nilikuwa nimeshauona. Ni yule yule mwenye sigara! Yule wa kwenye simu ya mwanangu, anayesemekana amekufa! Halafu gauni la yule msichana ndilo lililokuwa kwa Mwanahamisi, mikono mirefu hivyohivyo. Na kwenye kona ya chini ya filamu pana kitu kimepakwa ukungu, kama mtu amefuta kwa kidole chenye mafuta.

Hesabu yangu ikakamilika. Janeth na huyu kijana ni wapenzi. Wamepanga. Wamejua udhaifu wa baba, wametengeneza mambo ya jiwe ili aozeshwe bila posa, bila mshenga, bila ukoo wa mwanaume kujulikana.

Siku ile tukimenya viazi nikamtupia swali.

"Unamjua yule mgeni wa baba yako?"

Kisu kikasimama.

"Sijawahi kuonana naye, mame."

Sikilizeni jibu hilo. Hakusema simjui. Alisema hajawahi kuonana naye. Mimi mama nikalisikia hilo, nikaliweka moyoni likakaa kama jiwe lingine.

Nikabaki na silaha moja tu. Kwetu binti haozwi bila mjomba. Baba anaweza kukubali mpaka akauke mate, kama ndugu wa kiume wa mama hajakaa kitako kwenye kile kikao na kutamka, hakuna kilichofanyika. Kaka yangu Emanueli anakaa Gare. Nikampigia nikiwa nimejificha bandani kwa mbuzi.

Nikamwambia kuna mtu anataka kumchukua Janeth.

Akanijibu, "Najua. Nakuja."

Anajua? Ameambiwa na nani? Kabla sijauliza akakata. Jamani, hata kaka yangu wa tumbo moja nikaanza kumshuku!

Kristofa alipoambiwa lazima mjomba awepo, hakubisha. Mila anaiogopa. Mtaalamu ndiye aliyebisha. Akasema mambo ya jiwe hayataki watu wengi, yanataka siri. Fanueli akamtuliza, akamwambia hapa ni Usambaani, bila mjomba hata huyo Mjerumani angerudishwa na pete yake.

Siku ikafika. Jumamosi, asubuhi ya ukungu mzito.

Ndiyo ile niliyoanza nayo. Mtaalamu mlangoni na sururu, tena sururu yenyewe ya kuazima kwa Fanueli. Janeth anatoka chumbani na gauni. Kristofa anatabasamu kama mtoto aliyepewa muwa.

Nikamsogelea Janeth, nikamnong'oneza, "Mwanangu, kama unampenda niambie tu. Usitufanye tukuoze kwa uongo."

Akaniangalia kwa huruma. Hasira yake ningeivumilia. Ile huruma ndiyo ilinichoma.

"Kaa karibu na mjomba, mame."

Emanueli alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kofia ameiweka gotini. Akanywa chai yake taratibu kabisa, huku Mtaalamu anabadilisha mguu, huu, ule. Alipomaliza akafuta mdomo.

Akasema yeye ni mjomba, hawezi kutamka juu ya kitu asichokiona. Akaomba hiyo filamu. Mtaalamu akaleta simu. Emanueli akaitazama mpaka mwisho, akamrudishia.

"Hii ndiyo filamu ya Wajerumani waliozika mali hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaapa mbele ya baba yake?"

"Naapa."

"Macho yangu yamezeeka, simu ni ndogo. Tuione kwenye tivii."

Mtaalamu akasema haiwezekani, haitoki kwenye simu hiyo.

Ndipo Janeth akasema, polepole tu, "Mimi ninayo."

Chumba kizima kikageuka. Mimi nikafumba macho. Nikasema ndiyo hiyo, sasa wanaumbuka wote wawili.

Janeth akainama na gauni lake jeupe, akachomeka fleshi kwenye tivii.

Ikaanza. Milima ile ile. Ukungu ule ule. Mzungu mwenye kofia ya duara. Lakini hii ilikuwa na sauti... na sauti yenyewe ni ya mwanangu!

Anasimulia, "Huyu bwana toka asubuhi anachimba, hajala hata kiazi kimoja. Mwanaume wa namna hii ukimkubali utapika wewe, utalima wewe."

Fanueli akaguna. Mtu mmoja akachekea puani.

Pete ikavalishwa. Pale pale ambapo ya Mtaalamu ilikatika, hii ikaendelea. Yule msichana akaitazama pete, akamtazama mzungu, akamsukuma shimoni kwa mikono miwili! Sanduku likafunguka kwa kishindo. Wakatoka kuku. Kuku wengi, wanaruka juu ya kofia ya mzungu, manyoya yametapakaa, na sauti ya Janeth inawaita kwa Kishambaa warudi bandani.

Ni filamu ya kuchekesha. Ya Hollywood. Yule mzungu ni mwigizaji, na kweli ameshakufa zamani...

Na kona ya chini, palepale kwenye ya Mtaalamu palipopakwa ukungu, kulikuwa na tunda dogo la peasi.

Kaka yangu ndiye aliyetangulia kusema, tena kwa upole.

"Kijana, huyu Mjerumani wako mbona alizika kuku?"

Janeth akasimama mbele ya Mtaalamu.

"Wewe ni Kapteni."

Mtu akabadilika rangi.

Binti yangu akatueleza wote. Muda mrefu kuna mtu anafuata ukurasa wake, anajiita Kapteni, picha yake ameweka mzungu wa filamu kama wenzake wote wa humo. Mwanzo alikuwa anasifia tu. Baadaye akataka namba. Baadaye akataka waonane. Janeth akakataa, akamzuia, naye Kapteni akarudi kwa jina jingine. Mwisho akamwandikia maneno haya, na Emanueli aliyasoma kwa sauti kutoka kwenye simu ya mtoto:

"Nitakuja kukuchukua kwenu, na baba yako mwenyewe ndiye atakayenipa."

Kristofa alikaa chini. Kwenye sakafu, siyo kwenye kiti.

Na alitupataje? Ile picha ya shuka langu! Janeth aliiposti, ameigiza mwigizaji mmoja wa zamani, ameketi kwenye jiwe, na chini ya miguu yake mshale na herufi vinaonekana wazi. Kapteni hakuangalia shuka. Aliangalia jiwe. Akaipunguza ile picha ibaki alama tu, akaenda nayo kwenye magrupu ya watafuta mali, akauliza nani anajua jiwe hili liko wapi. Shemeji yangu Fanueli, kwa fahari, akajibu... ni la kwetu, shamba la kaka yangu. Akaongezea na kijiji.

Filamu akaiiba kwa Janeth mwenyewe. Akaondoa sauti, akakata mwisho, akafuta peasi. Kwa maneno ya Fanueli huyohuyo alijua baba anapenda jiwe, na mtu akipenda kitu haulizi mara mbili.

Tulipogeuka, Mtaalamu hayupo. Alitoka akisema anapokea simu. Tukasikia bodaboda inashuka kwenye ukungu, sururu ameiacha imelala kizingitini kwangu.

Mwenyekiti wa kijiji tulimwambia, lakini namba ya yule kijana haikupatikana tena, na jina la Clemence hakuna anayejua kama ni lake.

Mchana ule nilimkuta Janeth jikoni anavua lile gauni. Nikamuuliza kwa nini alilivaa. Akaniambia lilikuwa la kupigia picha tu, arudie ile ya shuka vizuri. Lakini alipochungulia sebuleni akaona filamu yake mwenyewe kwenye simu ya mgeni, alijua huyo ndiye Kapteni, na akipiga kelele mtu atakana, baba atamwamini mgeni, halafu atarudi kwa njia nyingine. Ndipo akampigia mjomba. Wakapanga Kapteni amwone amevaa, aamini ameshinda, aape mbele ya watu.

"Na mimi kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Akakunja gauni mpaka likawa dogo.

"Ningekuonyesha kwenye simu ipi, mame? Ile ya mafigani?"

Wazazi, nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.

Nilikuwa nachunga mlango wa mbele kwa rungu. Adui aliingia kwa mlango wa picha, na aliyekuwa na ufunguo wa kumfukuza ni yule yule niliyemkataza kusema. Mwanao akikuonyesha kitu usichokielewa, kaa chini akueleze mpaka uelewe, hata kama ni wafu wenye kofia. Na kabla hajaposti picha yake, angalieni nyuma yake kuna nini. Jiwe, kibao cha shule, mnara wa kanisa, mlango wa nyumba. Wewe unaona mwanao. Mwingine anaona njia ya kufika.

Ile picha tuliifuta siku ileile.

Siku hizi jioni nakaa na Janeth kwenye kigoda, ananionyesha filamu zake. Kuna mama mmoja wa kizungu wa zamani anajua kumjibu mwanaume, nampenda sana. Kristofa naye huwa anasogea, anajifanya anatafuta kiberiti. Jiweni bado anapita. Siku hizi hapapasi.

Ila mwenzenu bado silali vizuri.

Juzi Janeth ameweka picha ya mwigizaji wa kale amekaa kwenye ngazi. Watu wakacheka, wakaweka mioyo. Katikati yao mtu mgeni kabisa, ukurasa umefunguliwa juzi hiyohiyo, picha yake mzungu mwenye kofia, akaandika...

"Dada, ile ya kwenye jiwe mbona umeifuta?"

Janeth hakumjibu. Mimi ndiye niliyeomba simu nimjibu, akanikatalia, akasema niandike hapa kwenye ukurasa wake, maana hapa atasoma.

Basi nakuandikia, wewe unayepita kimya kimya bila kuweka hata moyo. Sururu uliyoiacha iko nyuma ya mlango wangu. Mjomba wake amehamia kwetu mpaka mavuno.

Ukija tena, anza na shikamoo.